Ufunguo wa Mlango Wako Uko Mkononi mwa Nani?



Katika mikutano ya matawi yetu limezuka swali ambalo zamani halikuulizwa. Wenzetu wanauliza: tufunge nyumba zetu kwa kufuli gani? Tubaki na kufuli na kitasa cha ufunguo kama tulivyozoea, au tufuate haya makufuli mapya ya elektroniki, yanayofunguka kwa namba, kwa kadi, kwa kidole au kwa simu? Wenye maduka ya mjini huyaita makufuli yenye akili. Na katika baadhi ya makambi tunayotembelea tumewasikia wakubwa wakisema kwamba nyumba za wafanyakazi zitakapotengenezwa upya zitawekwa makufuli ya aina hiyo, tena bila malipo.

Swali hili si dogo. Mfanyakazi anayeondoka saa 11 alfajiri kwenda kukata miwa, au anayeingia zamu ya usiku kiwandani, huacha nyuma ya mlango mali yote aliyoichuma: godoro, redio, baiskeli, sare za watoto, vyeti vya shule na akiba ya unga. Mlango ule ukivunjwa, jasho la mwaka mzima limekwenda. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kulijibu swali hili kwa kirefu.

Jibu letu kwa kifupi ni hili. Kwa nyumba ya mfanyakazi, na hasa kwa nyumba ya kambini ambayo ni mali ya mwajiri, kufuli zuri la ufunguo kwenye mlango imara linafaa zaidi. Hatusemi hivyo kwa kuchukia vitu vipya. Tunasema hivyo kwa sababu kufuli lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumzuia mwizi. Kazi ya pili ni kumpa mwenye kulala ndani mamlaka ya kusema nani aingie na nani asiingie. Kazi ya kwanza makufuli ya aina zote mbili yanaweza kuifanya. Kazi ya pili inategemea nani ameshika ufunguo.

MWIZI HAFUNGUI, MWIZI HUVUNJA

Tuanze na mwizi, maana ndiye anayetufanya tununue kufuli. Watu wengi hudhani kwamba mwizi ni fundi anayekuja na waya mwembamba, akachokonoa tundu la ufunguo mpaka likakubali. Wezi wa namna hiyo wapo, lakini si hao wanaotusumbua makambini. Mwizi wa kambini huja na mtaimbo au kipande cha nondo, naye ana haraka. Hatazami kufuli ni la aina gani, hutazama mahali palipo dhaifu. Hupachika mtaimbo kati ya mlango na mwimo, akasukuma mara moja, mbao ikapasuka. Au hung'oa tumbuu, yaani kile chuma cha mlangoni kinachopitishwa kufuli, kwa kuwa kimeshikwa na misumari miwili mifupi. Kufuli lenyewe hubaki zima, limefungwa vizuri kabisa, likining'inia kwenye kipande cha mbao kilichovunjika. Au huuacha mlango, akapita dirishani, au akafunua bati la paa.

Maana yake ni kwamba shilingi ya kwanza isiende kwenye kufuli. Iende kwenye mlango. Kufuli la bei kubwa kwenye mlango wa mbao laini ni kama kofia nzuri juu ya mtu asiye na shati.

Tazameni mambo manne. La kwanza, miimo ya mlango ishikane na ukuta kwa chuma, si kwa misumari inayotikisika ukiigusa. La pili, tumbuu isishikwe kwa skrubu fupi. Ishikwe kwa bolti zinazopenya mlango mzima na kufungwa nati kwa ndani, na vichwa vya bolti hizo viwe vya mviringo ili spana isipate pa kushika. La tatu ni bawaba. Kama mlango wako unafungukia nje, pini za bawaba ziko upande wa mwizi, na akizigonga zikatoka mlango mzima utaanguka na kufuli lake. Fundi wa kuchomelea anaweza kuziba vichwa vya pini hizo kwa dakika chache. La nne ni dirisha na paa, maana mwizi hana adabu ya kupita mlangoni tu.

Mambo hayo manne hayaondoki ukinunua kufuli la elektroniki. Mtaimbo haujui tofauti kati ya ufunguo na namba.

KUCHAGUA KUFULI LA UFUNGUO

Sasa tuje kwenye kufuli lenyewe. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na si kila kufuli la rangi ya shaba ni la shaba. Mengine ni chuma hafifu kilichopakwa rangi. Kuna njia rahisi ya kuyatambua. Chukua sumaku ya spika mbovu ya redio, uende nayo dukani. Shaba haishikwi na sumaku. Ikiwa mwenye duka anasema kufuli ni la shaba na sumaku inanata kwenye mwili wake, basi ujue unauziwa rangi. Lakini ule upinde wa juu ni kawaida kunata, kwa sababu huo hutengenezwa kwa chuma hata katika makufuli mazuri.

Upinde uwe mnene na mfupi. Ukiwa mrefu, mwizi hupata nafasi ya kupitisha mtaimbo au mkasi wa kukatia vyuma. Yako makufuli ambayo mwili wake umepanda pande zote mbili na kuufunika upinde, na hayo ni magumu zaidi kukatwa.

Halafu jaribuni funguo. Makufuli ya bei ya chini kabisa hutengenezwa kwa aina chache tu za funguo, hata ufunguo wa jirani ukafungua mlango wako. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka makufuli mawili au matatu ya sanduku moja, ubadilishe funguo. Kama ufunguo wa hili unafungua lile, rudisha yote.

Na mtu anapohamia chumba alichokaa mtu mwingine, abadilishe kufuli siku ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyekaa kabla yako anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini hujui alimpa nani ufunguo wa pili.

Kufuli la ufunguo lina kasoro zake. Ufunguo hupotea. Ufunguo hunakiliwa na mafundi wa barabarani bila kuulizwa swali lolote. Na fundi hodari anaweza kulifungua. Mjini London mwaka 1790 kampuni ya Bramah iliweka kufuli dirishani mwa duka lake, ikaahidi zawadi ya gini 200 kwa yeyote atakayelifungua bila ufunguo wake. Lilikaa miaka mingi bila kushindwa. Mwaka 1851 alitokea fundi Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, akalifungua, baada ya kufanya kazi kama saa 51 kwa siku kadhaa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kufuli lake halifunguki anataka fedha yako. Lakini tutazame hesabu: saa 51. Mwizi wetu hana hata dakika tano, ikiwa majirani wako macho.

KUFULI LA ELEKTRONIKI LINAFANYAJE KAZI

Tuwe waadilifu, maana hatusemi kwamba kitu hiki ni kibaya chote. Kufuli la elektroniki ni komeo la kawaida la chuma, ila badala ya ufunguo kuna mota ndogo inayolisukuma, na mota hiyo hupata nguvu kwa betri. Ukiandika namba sahihi, au ukiweka kidole kilichosajiliwa, au ukituma amri kwa simu, mota inazunguka na mlango unafunguka.

Faida zake ni za kweli. Hakuna ufunguo wa kupoteza shambani. Mama aliye kazini anaweza kumpa mtoto wake namba ili aingie akitoka shule. Mtu akigombana na mpangaji mwenzake hubadilisha namba bila kununua kufuli jingine. Mwenye nyumba yake mwenyewe mjini, mwenye uwezo, na mwenye kujua namna ya kulitunza, akiamua kulinunua hatumlaumu.

Lakini kwa mfanyakazi wa kawaida kuna mambo ya kupima. Bei ya kufuli moja la namna hiyo mjini Kampala inaweza kula mshahara wa mwezi mzima wa mkata miwa, na bado betri zinakwisha na kuhitaji kununuliwa tena. Yale ya sumaku yanayotumia umeme wa ukutani yana tabia nyingine: mengi huachia mlango umeme ukikatika kama hayana betri ya akiba. Na kukatika kwa umeme sisi hatuhitaji kuelezwa na mtu.

Kuna suala la vidole. Mashine ya kidole husoma mistari midogo iliyo kwenye ngozi. Je, mchuma chai wa miaka ishirini, mkata miwa, mbeba saruji na mwosha chupa kwa dawa kali, mistari hiyo imebaki kiasi gani? Huko India serikali iliweka mashine za vidole katika maduka ya mgao wa nafaka, na wazee na vibarua wengi wakakataliwa na mashine kwa sababu kazi ilikuwa imefuta alama za vidole vyao. Mtu akinyimwa nafaka kwa sababu mikono yake imefanya kazi sana, hilo ni jambo la kusikitisha. Hatutaki mikono hiyo hiyo inyimwe kuingia nyumbani usiku wa mvua.

Kuna pia suala la intaneti. Makufuli yanayoamriwa kutoka mbali huisikiliza intaneti. Mwezi wa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilifungwa kwa siku kadhaa Uganda nzima. Na huko Marekani, Agosti 2017, kampuni ya LockState ilituma marekebisho kwa makufuli yake kupitia intaneti. Marekebisho yalikuwa na kasoro, na makufuli kama 500 yakaacha kusikia namba. Wenyewe ikawabidi warudishe kipande cha kufuli kiwandani au wangoje kipande kingine. Kufuli la ufunguo likiharibika limeharibika moja. Makufuli yanayoongozwa kutoka mahali pamoja yanaweza kuharibika mia tano kwa siku moja.

Na kama Hobbs alivyolifungua kufuli la Bramah, ndivyo mafundi wa leo wanavyoyafungua haya. Mwaka 2012 mtaalamu mmoja alionyesha hadharani namna ya kufungua makufuli ya kadi ya mahoteli kwa kifaa alichokiunda mwenyewe kwa fedha kidogo. Machi 2024 wataalamu wengine walitangaza kasoro katika aina moja ya makufuli ya kadi iliyokuwa kwenye milango zaidi ya milioni 3, katika nchi 131. Basi asitudanganye mtu kwamba elektroniki maana yake ni salama.

NYUMBA YA KAMBI SI NYUMBA YA MTU BINAFSI

Mpaka hapa tumesema habari za mwizi, betri na vidole. Mambo hayo yanaweza kurekebishwa. Labda kesho betri zitadumu zaidi na mashine zitasoma vidole vyetu. Lakini liko jambo ambalo fundi hawezi kulirekebisha, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Anayenunua kufuli la elektroniki kwa nyumba yake mwenyewe ndiye anayeliamuru. Lakini kufuli likiwekwa na mwajiri kwenye kambi nzima, anayeliamuru ni mwajiri. Ofisini kutakuwa na kompyuta moja, na mtu mmoja mbele yake. Mtu huyo anaweza kufanya mambo mawili ambayo mwenye ufunguo wa chuma hawezi kuyafanya.

La kwanza, anaweza kukufungia nje bila kuondoka kwenye kiti chake. Zamani mwajiri aliyetaka kuwatoa wafanyakazi nyumbani ilimbidi apeleke askari mlango kwa mlango, mchana, watu wakiona. Huko Colorado, Marekani, mwezi wa Septemba 1913, wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma, na kampuni za migodi zikawatoa katika nyumba za kampuni wao na familia zao. Wakahamia kwenye mahema. Tarehe 20 Aprili 1914 kambi ya mahema ya Ludlow ilishambuliwa na kuchomwa moto, na wanawake 2 na watoto 11 waliokuwa wamejificha katika shimo chini ya hema wakafa kwa moshi. Dunia nzima ya wafanyakazi inalikumbuka jina la Ludlow. Tunalitaja hapa kwa sababu msiba ule ulianzia mlangoni, kwa swali la nani ana haki ya kukaa katika nyumba ya kampuni wakati wa mgogoro. Kufukuza familia kwa mkono wa askari kulikuwa na kelele na mashahidi. Kufukuza familia kwa kubonyeza kitufe hakuna kelele. Mtu anarudi kutoka shambani jioni, namba haikubali, na ofisini wanamwambia kwamba mashine ina matatizo, aje Jumatatu.

La pili, mlango utakuwa unaandika. Makufuli mengi ya elektroniki huweka kumbukumbu ya kila aliyefungua, kwa namba gani au kadi gani, na saa ngapi. Kwa mwizi hilo ni zuri. Lakini tufikiri kidogo. Chama chetu hakikuzaliwa ofisini kwa meneja. Kilizaliwa vyumbani, usiku, watu saba wakikaa juu ya kitanda kimoja na taa ya mafuta, wakihesabu kadi za uanachama. Meneja akiwa na daftari linalosema kwamba mlango wa chumba fulani ulifunguliwa mara nane kati ya saa 2 na saa 3 usiku, siku tatu kabla ya mgomo, hahitaji tena mpelelezi. Mlango wenyewe ndio mpelelezi.

Wazee wetu waliofanya kazi Kenya wanakikumbuka kipande. Kuanzia miaka ya 1920 Mwafrika aliyefanya kazi kwa mzungu alilazimishwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma kilichovaliwa shingoni. Cheti hicho kilieleza alikuwa wapi, kwa nani, na aliondoka lini. Wafanyakazi walipigana nacho miaka mingi mpaka kikaondolewa. Sasa kitu cha namna ile kisirudi kwa mlango wa nyuma, tena tukiambiwa tushukuru kwa kuwa ni bure.

WENZETU WAMEKWISHA PIGANIA HILI

Mtu asiseme kwamba hofu hii ni ya watu wa shamba wasiojua maendeleo. Mjini New York, mahali penye maendeleo ya kila aina, wapangaji wa jengo moja la Manhattan walimpeleka mwenye nyumba mahakamani. Alikuwa ameweka kufuli la simu kwenye mlango wa kuingilia. Miongoni mwa wapangaji alikuwamo mzee aliyepita miaka 90, asiyetumia simu za namna hiyo, akawa kama mfungwa katika jengo aliloishi miaka mingi. Mwezi wa Mei 2019 walipatana, na mwenye nyumba akakubali kuwapa funguo za chuma. Mwaka 2021 mji huo ukatunga sheria inayowazuia wenye majengo kutumia habari za makufuli hayo kuwasumbua wapangaji au kuwafukuza.

Kwetu pia tuna pa kusimama. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 27, inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake. Sheria ya kulinda habari za watu ilitungwa mwaka 2019. Alama ya kidole ni habari ya mtu, na saa ya kuingia nyumbani ni habari ya mtu. Kiongozi wa tawi akiulizwa na meneja anapata wapi haki ya kuhoji kufuli, ataje sheria hizo mbili.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, nalo limesema. Mkataba namba 110 wa mwaka 1958, unaohusu wafanyakazi wa mashamba makubwa, unaeleza kwamba mfanyakazi anayekaa katika nyumba ya mwajiri, hata akiachishwa kazi, apewe muda wa kutosha wa kuhama. Ikiwa muda huo haukuwekwa na sheria, ukubaliwe katika majadiliano, na wakishindwa kukubaliana waende mahakamani. Ni kweli kwamba nchi zilizouridhia mkataba huo ni chache. Lakini maneno yake ni ya haki, nasi tunaweza kuyaandika katika mapatano yetu bila kungoja. Na mwaka 1961 ILO ilipendekeza kwamba, kwa kawaida, si jambo zuri mwajiri awe ndiye mwenye nyumba ya mfanyakazi wake, isipokuwa panapolazimu, kwa mfano mahali palipo mbali na miji. Sisi tuko mahali hapo palipo mbali, na kwa sababu hiyo yatupasa kuwa macho zaidi.

GHALA SI CHUMBA CHA KULALA

Mtu atauliza: basi mnapinga makufuli haya hata kiwandani? La hasha. Mlango wa ghala, wa chumba cha dawa za mimea au wa stoo ya vipuri ni habari nyingine. Mara ngapi vifaa vimepotea na mfanyakazi mnyonge akakatwa mshahara kwa sababu tu alikuwa zamu? Kufuli linaloandika nani aliingia, saa ngapi, linaweza kumwokoa mtu huyo, mradi daftari lake lisomwe mbele ya mwakilishi wa chama na si meneja peke yake. Kazini tuko kwa mapatano ya kazi. Nyumbani tuko kwa haki yetu.

Ila kwa milango yote, ya nyumbani na ya kiwandani, ya ufunguo na ya elektroniki, kuna sheria moja isiyo na mjadala: mlango ufunguke upesi kutoka ndani. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kilishika moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo ili wafanyakazi wasitoke na vitambaa, na watu 146 walikufa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, tarehe 11 Septemba 2012, watu zaidi ya 250 waliangamia katika moto wa kiwanda cha nguo mjini Karachi, Pakistan, ambako njia za kutokea zilikuwa zimefungwa. Kufuli linalomzuia mtu kutoka si ulinzi.

Na hapa tunawaomba kina mama na kina baba wa makambini, kwa heshima: msiwafungie watoto ndani kwa kufuli la nje mnapokwenda zamu. Tunajua kwa nini mnafanya hivyo. Hakuna wa kuwaachia, na msimamizi hangoji. Lakini jiko moja likianguka hakuna wa kufungua. Tuunganike kudai nyumba ya kulelea watoto kambini, na kabla haijapatikana tupange zamu ya jirani mmoja kubaki na watoto wa nyumba kadhaa.

MAMBO YA KUDAI

Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lilete mambo haya katika majadiliano yajayo, yaandikwe kwenye mapatano na kutiwa sahihi:

1. Kufuli la nyumba ya kambi liwe la ufunguo, na funguo zote apewe anayekaa ndani. Kama ofisi inataka ufunguo wa akiba kwa ajili ya moto au ugonjwa, utiwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na mwenye nyumba na mwakilishi wa chama, usitumike bila wawili hao kujua.

2. Mwajiri agharimie mlango imara, mwimo imara, tumbuu ya bolti na dirisha la kufungika, kabla ya kusema habari za kufuli lolote la kisasa.

3. Kufuli lolote la elektroniki lisiwekwe kwenye nyumba ya mfanyakazi bila yeye kukubali kwa maandishi, na akikataa asiadhibiwe. Likiwekwa, liwe pia na tundu la ufunguo wa chuma.

4. Habari za nani ameingia au ametoka nyumbani zisikusanywe. Zikikusanywa kwa sababu yoyote, zisitumike kamwe katika mashauri ya nidhamu, mgomo au kuachishwa kazi.

5. Mlango usifungwe dhidi ya mfanyakazi wakati wa mgogoro. Anayeachishwa kazi apewe muda wa kuhama uliokubaliwa, na akitolewa, atolewe kwa amri ya mahakama.

6. Kila mlango ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, bila namba na bila umeme.

Ndugu wafanyakazi, wauzaji watatuuliza kama tunataka kufuli la zamani au la kisasa. Sisi tuwaulize kwanza: likifungwa, nani anaweza kulifungua, na nani anaweza kutukataza? Anayelala katika chumba ndiye anayestahili kujibu maswali hayo mawili kwa neno "mimi". Kufuli likimpa jibu hilo, alichukue, liwe la chuma au la betri. Kama halimpi, alirudishe hata likiwa la zawadi.

Tahadhari kabla ya hatari. Itisheni mkutano wa tawi kabla mafundi hawajafika na masanduku yao kambini, kwa maana kufuli likishawekwa mlangoni, kulitoa ni mgogoro. Na usiku, mnapokwisha kufunga milango yenu imara, masikio yabaki wazi. Jirani akipiga kelele, tokeni wote. Mwizi hushinda mlango wa mtu mmoja, lakini hashindi kambi iliyoamka.

Umoja wetu ndio ngao yetu.